Kanzu ya Njano Ukutani

Kevin, kiongozi wa vijana wa kanisa letu la zamani pale Kaloleni, alinipigia simu asubuhi moja nikiwa napiga mswaki. Nambari yangu alikuwa amepewa na mtu aliyepewa na mtu. "Shosh, niaje? Naskia wewe ndio ulikuwa unachora na yule mzee wa kitambo," akasema, akiniita nyanya yake kabla hata ya kunijua, na hakungoja niteme povu. Akanieleza kwamba nyumba za mtaa zinavunjwa ili kujengwa upya, kwamba kanisa linahama, na kwamba zile mbao za mchoro wa madhabahuni zimeng'olewa zote bila kuvunjika hata moja. Vijana walikuwa wameamua kuzisafisha na kuzipaka upya kabla hazijapelekwa kanisa jipya. "Ziko fiti tu. Ila kuna katoto kamoja huku mwisho, kanzu yake imegeuka njano. Si unajua nyeupe ikizeeka hufanya hivyo? Tunataka kuirudisha vile ilikuwa." Nilimwambia asiguse kitu. Nilimwambia kwa sauti ya kumfokea mtu anayechezea nyaya za stima, mpaka akaniuliza kama niko salama. "Niko salama. Brashi iweke chini, nakuja."

Kanzu hiyo haikugeuka njano. Ilipakwa njano tangu mwanzo, Jumamosi moja mchana, kwa uzembe wangu mimi, na Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema uongo juu yake. Niliusema mbele ya mama aliyekuwa ametoka kuzika mtoto. Tangu hapo nimeolewa, nimezaa, nimefiwa na mume, nimechora vibao vya vinyozi na kuta za shule za chekechea kutoka Kaloleni mpaka Kayole, na sijawahi kufungua kopo la rangi ya njano bila kumkumbuka mama yule. Jambo hilo sikumwambia mtu, hata marehemu mume wangu ambaye nilimwambia mambo mengi yasiyomhusu. Siku hiyo nilivaa viatu nikatoka nyumbani bila kunywa chai.

Sitawachosha na habari za wazazi wangu na jinsi tulivyofika Nairobi kutoka magharibi. Itoshe kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kufichwa chini ya godoro, na kila mtu mzima aliyeniona nimekaa alikumbuka kitu cha kunituma. Nilichoka kutumwa. Siku moja nikajipeleka mwenyewe kwa Mzee Zablon, mchoraji wa kanisa letu, nikamwambia nataka kazi ya kuosha brashi. Akaniuliza kama naogopa tapentaini. Nikamjibu kwamba mimi siogopi kitu. "Basi utaniharibia vitu vingi," akasema, na akanirushia kitambaa.

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja cha mawe chenye paa la vigae, safu ya pili ukitoka holi ya mtaa, na pazia la maua lilikigawa katikati. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda na sanduku la nguo. Upande wa mlangoni kulikuwa na jiko la makaa, stuli tatu, na makopo ya rangi yaliyopangwa ukutani kama vyombo vya bibi harusi. Mkewe, Mama Dorka, alikaanga omena hatua mbili tu kutoka kwa tapentaini, na sijui ni malaika gani aliyekizuia chumba kile kisiwake moto. Tulikula papo hapo, ugali katikati, mikono ikinuka rangi hata baada ya kunawa mara mbili. Hadi leo nikinusa tapentaini nasikia njaa. Katikati ya wiki Zablon alichora vibao vya bucha na hoteli, na mbuzi wake wote walikuwa na sura za watu waliokwisha kusamehe. Jumamosi aliwaweka mbuzi kando akaenda kanisani kuchora mbingu.

Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati, karibu na reli, na waumini wengi walikuwa watu wa kwetu magharibi: wa viwandani, wa reli, wa vibarua, na akina mama wa biashara ndogo ndogo. Tulivaa kanzu na kupiga ngoma. Nyuma ya madhabahu mbao za plaiwudi zilikuwa zimeunganishwa ukuta mzima, na juu yake ulipita mto mmoja wa buluu, na ng'ambo ya mto watu walisimama kwa safu, mikono juu. Tuliwaita Waliovuka. Kila muumini aliyefariki aliongezwa pale matanga yalipokwisha. Zablon hakujisumbua kufananisha sura. Wote walikuwa na macho makubwa ya mviringo, na viganja vikubwa kuliko vichwa, kwa sababu, alisema, mkono ndio unaoomba, kichwa kazi yake ni kubishana. Wala hakuwachorea vivuli. Nilipomwuliza kwa nini, alinitazama kwa huruma. "Kule mwanga uko kila upande. Kivuli kitaanguka wapi?"

Rangi ndizo zilizokuwa na sheria. Kwetu rangi haikuingia kanisani, iwe kwenye kanzu au ukutani, mpaka mtu aonyeshwe kwa ndoto, asimame Jumapili aieleze, na mchungaji aikubali. Nyekundu ya msalaba kifuani ilikuja na mwanzilishi mwenyewe. Buluu aliiota mlinzi mmoja wa reli aliyesinzia kazini, na mchungaji akausamehe usingizi kwa ajili ya ndoto. Kijani, rangi ya waliopona, aliiota mama wa kiwanda cha sabuni aliyeona nyasi zikimea juu ya mashine yake. Nyeusi iliruhusiwa kwa mstari wa kuwazunguka watu tu, wasije wakachanganyikana. Nyeupe ilikuwa ya Waliovuka, mkubwa kwa mdogo. Njano haikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuiota, kwa hiyo kanisani haikuwapo, ingawa nyumbani kwa Zablon lilikaa kopo karibu zima lililobaki kwenye kibao cha hoteli. Nami, kwa aibu yangu, sikuwahi kuota chochote. Nililala fofofo, nikaamka mtupu, na kila Jumapili niliwasikiliza wenzangu kwa wivu.

Mwezi wa mvua nyingi Akinyi akafa kwa surua. Alikuwa na miaka sita. Mamake, Perpetua, aliuza mandazi kando ya njia ya kwenda reli, mwanamke wa maneno makali na kicheko cha kusikika mpaka holi, na Akinyi alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akiwafungia wateja mandazi kwa gazeti, akiwaongezea moja wale waliomchekesha. Baada ya mazishi watu hawakujua wamwiteje mamake. Wakaacha kusema Mama Akinyi, wakaanza kusema Perpetua, wakidhani wanamwonea huruma. Zablon peke yake aliendelea. Alikwenda kwake nikiwa nimembebea kiti, akamwambia, "Mama Akinyi, nitamweka mwanao mwisho wa safu, karibu na maji, pale wadogo husimama." Perpetua hakuinua macho kutoka kwa unga. "Baba, watu pale ni wengi na wote ni weupe. Nitamjuaje?" Zablon akasema atamchora mdogo. Lakini sote watatu tulijua kwamba wadogo pale ukutani walikuwa wengi.

Ni siku hizo nilipoijua siri ya nyumba ile. Nilikuwa nje, nikisugua brashi chini ya dirisha, nikamsikia Mama Dorka akimwita mumewe kwa jina la mzaliwa wao wa kwanza, kama alivyofanya alipotaka kusikilizwa.

"Baba Dorka, leo umemsalimia mama wa jirani ukadhani ni mimi."

"Mnafanana."

"Yule ni mimi mara mbili! Twende hospitali wakuangalie hayo macho."

"Wakiangalia watasema. Wakisema, wazee wa kanisa watamwita yule fundi wa rangi wa Makadara. Mimi kuhubiri sijui, kuimba siwezi. Wakichukua brashi, nitakuwa nani pale ndani?"

Mama Dorka aligeukia jiko. Nilisikia tu mwiko ukigonga sufuria. Nilibaki nimechuchumaa pale, brashi ikinidondokea miguuni, na mambo mengi yakanikaa sawa: kwa nini alinifundisha niweke kopo la nyeupe kushoto kabisa na nisilisogeze, kwa nini aligusa kila ukingo kwa kidole kabla ya kuupaka, kwa nini aliniuliza mara kwa mara, kana kwamba ananipima, "Hii unaionaje wewe?" Ukungu ulikuwa umemfunika macho, na rangi zote hafifu kwake zilikuwa rangi moja. Tangu siku hiyo nikawa macho yake, na hakuna kati yetu aliyelitaja jambo hilo.

Sasa uzembe wangu. Jumamosi ya kumchora Akinyi nilikuwa nimeagiza viatu vya akala sokoni Kariokor, vya mpira wa tairi na mikanda myekundu, na fundi alikuwa ameniambia nisipovichukua kabla ya saa saba atamwuzia mwingine. Nilipakia makopo kwenye kreti huku akili yangu iko miguuni. Nilimpangia Mzee vitu vyake mbele ya ukuta, nikamwambia ninarudi sasa hivi, nikaenda. Kariokor nilizunguka, nikajipima, nikajitazama, nikakutana na marafiki. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha na mchoro umefunikwa kwa shuka, maana desturi ilikuwa mtu mpya afunuliwe Jumapili baada ya maombi. Zablon alikuwa amekaa kwenye benchi, amechoka, anafurahi. "Nimemchora kwa moyo wangu wote, Rasoa," akaniambia. Nikamwonyesha viatu vyangu. Akavisifu.

Jumapili nilifika mapema kufagia, na kwa udadisi tu nikainua pembe ya shuka. Mtoto alikuwa mzuri kuliko wote. Macho makubwa, viganja viwili vimefunguka kama vya mtu anayepokea kitu, na kanzu ya njano, njano ya siagi, kutoka shingoni mpaka kwenye vidole vya miguu. Kopo la nyeupe nilikuwa nimelisahau nyumbani kwa Zablon chini ya stuli, na mahali pake, kushoto kabisa, nilikuwa nimemwekea lile la njano. Nyuma yangu watu walikuwa wanaingia, rangi ilikuwa bado mbichi, na Perpetua alikuwa amekaa mstari wa mbele na leso kichwani, mikono juu ya magoti. Zablon akaja akasimama kando ya shuka ndani ya kanzu safi, akitabasamu kwa watu ambao hakuwaona vizuri. Nilijua kitakachotokea. Shuka itavutwa, kanisa litashtuka, mtu atamwuliza mzee kwa nini, na yeye atauliza, "Kwa nini nini?" Hapo kila mtu atajua.

Mchungaji akauliza kama kuna aliyeonyeshwa wiki hiyo. Miguu yangu ilisimama kabla yangu.

"Bwana asifiwe," nikasema. Wakaitikia. "Nimeonyeshwa."

Watu waligeuka. Binti wa viatu vyekundu ambaye hajawahi kuonyeshwa hata mlango! Nilimtazama mchungaji kwa sababu sikuthubutu kumtazama Perpetua.

"Nilimwona Akinyi ng'ambo ya mto. Wenzake wote walikuwa weupe, lakini yeye alivaa njano. Nikamwuliza, mbona wewe si mweupe? Akasema, ni ili mama asinitafute sana."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Yaani najua: niliyatoa kwa Perpetua mwenyewe, siku ile ya unga. Juu yetu mabati yalikuwa yakilia kwa jua. Mchungaji, mtu mwangalifu, akaniuliza, "Na maji yalikuwaje?" Nikasema yalikuwa buluu. Akafikiri. Kisha akasema, "Njano imekuja," na watu wakasema amina. Wakati huo wote nilikuwa namwona Zablon kwa pembe ya jicho. Tabasamu lake lilikuwa limekufa. Alikuwa amepata kujua, hapo mbele ya kanisa zima, ni rangi gani aliyompaka mtoto. Aliishika shuka kwa mikono miwili, kwa muda mrefu, halafu akaivuta.

Perpetua alitembea mpaka ukutani. Hakulia. Alimtazama mtoto, akaweka kidole gumba juu ya kanzu, na kwa kuwa rangi ilikuwa haijakauka, alama ya kidole ikabaki pale, na njano ikabaki kidoleni. Alirudi kwenye benchi akiwa amekifumbata kidole hicho. Ngoma zikaanza. Mimi nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo, na viatu vyangu vipya havikupona.

Jumatatu nilikwenda kazini nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Zablon hakuwapo. Alikuwa ametoka alfajiri na kofia yake bila kusema anakokwenda, na Mama Dorka alinipa chai ya strungi, isiyo na maziwa. Alirudi karibu saa nne, macho mekundu, na mandazi yamefungwa kwenye kitambaa. Akayaweka katikati yetu. Tukala. Mandazi yalikuwa bado moto. "Kuanzia leo nyeupe utaishika wewe," akaniambia, na sikupata ujasiri wa kumwuliza chochote. Wiki hiyo hiyo alikubali kupelekwa hospitali. Walimpasua jicho moja kwanza, kisha la pili, na siku alipovalishwa miwani alimtazama Mama Dorka akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Mama Dorka alicheka mpaka ikabidi akae chini. Kanisani alisimama mbele ya kanzu ya njano na miwani yake mizito, nami nikasimama nyuma yake nikingoja. Alisema tu kwamba pua imepinda kidogo. Kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa nachora sura peke yangu, kwa sababu sasa nilihesabiwa kati ya walioonyeshwa, na hakuna aliyeweza kuninyima brashi. Maisha yangu yote ya kazi yalianzia hapo. Nilipoolewa nikahama mtaa, nikahama na kanisa, na kila aliyeniuliza sababu nilimwambia ni umbali.

Basi ndivyo nilivyokuwa nimebeba mzigo ule nilipoingia kwenye ua wa kanisa wiki iliyopita. Mabati ya upande mmoja yalikuwa yameshatolewa, na mbao zilikuwa zimeegemezwa kwenye mabati ya upande wa pili, mto umekatika vipande vipande, Waliovuka wamesimama juani kwa mara ya kwanza. Kevin alikuwa na kopo jipya la nyeupe mkononi. Alikuwa kijana mstaarabu kuliko simu yake. "Shosh, karibu. Dani pia alikuja kuona," akasema, akitumia neno la Kijaluo la kumwita nyanya. Nikageuka. Karibu na lango, kwenye kiti cha plastiki, magoti yamefunikwa kwa leso, alikuwa amekaa Perpetua. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, na nikasema neno ambalo nilikuwa sijalisema kwa sauti miaka mingi.

"Mama Akinyi."

"Rasoa wa viatu," akasema. "Umenenepa."

Nikamwambia yote. Nilimwambia mbele ya Kevin, bila kujificha: makopo, Kariokor, macho ya Zablon, ndoto ambayo sikuiota. Nilimwambia kwamba nilimdanganya akiwa na kidonda kibichi, na kwamba nimeona haya kila siku ya maisha yangu. Alinisikiliza huku akitafuna kitu polepole.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Zablon alikuja kwangu ile Jumatatu. Akasimama mbele ya karai langu la mafuta, kofia mkononi, akalia, mzee mzima. Akaniambia macho yameisha, kanzu ni makosa, na huyo msichana amesema uongo kumfunika yeye. Alitaka kurudi kuipaka nyeupe siku hiyo hiyo."

Niliyakumbuka mandazi. Nilikumbuka yalivyokuwa moto.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia kwanza aende hospitali, asije akaingia chini ya gari la moshi. Na kanzu aiache hivyo hivyo."

"Na hamkuniambia? Miaka yote hii?"

"Alisema tukikuambia utaogopa brashi. Mimi nilisema utaogopa uongo tu, na hiyo si mbaya. Lakini fundi alikuwa yeye." Akacheka, kile kicheko chake, kimepungua sauti lakini ni kile kile. Mimi nililia. Nililia bila adabu, na Kevin akatazama kando, akanipa kitambaa cha kufutia brashi kwa sababu hakuwa na kingine.

Tulipotulia, Kevin aliuliza kwa upole, "Sasa Dani, hii kanzu tuipake nyeupe ama tuiache?"

Perpetua aliinua fimbo yake. Kutoka pale langoni mpaka kwenye mbao ni mwendo mzuri, na mimi mwenye miwani niliwaona Waliovuka kama nguo zilizoanikwa. Fimbo haikuyumba. Ilikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa safu, karibu na maji.

"Miaka mingi sasa nakaa nyuma, karibu na mlango. Magoti hayanifikishi mbele," akasema. "Ndoto ilikuwa ya uongo, hilo Rasoa atajibu mwenyewe kwa Mungu. Lakini tangu siku ile sijamtafuta mtoto wangu. Naingia tu mlangoni, namwona."

Kevin alilifunika lile kopo la nyeupe. Akaniuliza njano ya siagi huchanganywa vipi.